Ngitili: Wodi ya Mifugo Usukumani

Historia ya ngitili huandikwa na watu wa misitu, ndiyo maana tunaisoma kama habari ya miti. Naamini hapo tunakosea. Katika nchi ya Wasukuma, kuanzia Shinyanga hadi Ipililo mkoani Simiyu, ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Tuulize kilitengwa kwa ajili ya nani: ndama, ng'ombe wazee, wagonjwa, maksai wa kulimia. Ng'ombe aliyeteguka mguu, au maksai aliyechubuliwa na nira, hawezi kufuata kundi hadi malisho ya mbali. Mfupa hauungi safarini. Basi malisho yakawekwa karibu na nyumba, mwenye mifugo amwone mgonjwa wake asubuhi na jioni.

Atakayepinga atasema ngitili ilikuwa akiba ya ukame tu, tena zipo kubwa za kijiji kizima. Ni kweli zipo. Lakini akiba ya kundi linaloweza kutembea haina haja ya kukaa ubavuni mwa boma. Ushahidi mzito zaidi ni wa miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ya serikali ilipowahamishia watu katika vijiji vipya: nyumba zikaachana na ngitili, na nyingi zikafa kwa kukosa mlinzi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza 1986, uliporudisha uoto, ulilazimika kujenga juu ya desturi hii ya wafugaji.