Chini ya barafu kuna wenyewe

Mwaka 1843 mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, Edward Forbes, alidai kwamba ukipita kina cha pima 300 baharini, yaani kama mita 550, hakuna uhai. Alikuwa hajafika huko.

Ndugu msomaji, ona yaliyofuata. Desemba 1977, kule Antaktika, watafiti walitoboa barafu ya Ross yenye unene wa mita 420, wakateremsha kamera. Kwenye kiza kile wakaona samaki na vidudu vya jamii ya kamba. Januari 2015 wengine walitoboa mita 740, kama kilomita 850 kutoka bahari ya wazi. Samaki tena! Mwaka 2021 Waingereza walitangaza kwamba wakitafuta tope chini ya barafu ya mita 900, kamera yao iligonga jiwe. Jiwe lina sifongo.

Kila habari kama hizi zikitoka, sisi waandishi hukimbilia kichwa cha habari: "Viumbe wa sayari nyingine wapo!" Mimi nasema taratibu. Wanyama hao asili yao ni bahari hii hii yetu. Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, unaaminika kuwa na bahari chini ya barafu, lakini uhai haujaonekana. Chombo cha Europa Clipper kilirushwa Oktoba 2024, nacho kinatarajiwa kufika 2030, kuchunguza kama mazingira yanafaa.

Anayesema uhai upo na anayesema haupo, wote ni kina Forbes: hawajafika.