Mekapu ya usiku, Bukoba na Muleba

Mekapu ya usiku ni upambaji wa uso kwa ajili ya sherehe za jioni na usiku, hasa zile ambazo anayepambwa anajua fika kwamba atapigwa picha tangu anaposhuka kwenye gari mpaka keki inapokatwa. Katika Manispaa ya Bukoba na Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, kazi hii huambatana zaidi na kicheni pati, sendofu, harusi, kipaimara na mahafali. Inatofautiana na mekapu ya kwenda kazini kwa jambo moja kubwa: hutazamwa mara mbili, kwanza na wageni waliomo ukumbini, kisha na kamera, na macho hayo mawili hayaoni vitu sawasawa.

Saa na hali ya hewa

Bukoba iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua huzama karibu saa 1 jioni mwaka mzima. Bibi harusi anayefunga ndoa kanisani saa 8 mchana hukalia kiti cha saluni tangu saa 3 au saa 4 asubuhi, huingia ukumbini saa 2 usiku, na huenda akatoka humo saa 6 imepita. Katikati hapo kuna jua la mchana, upepo wa ziwa wakati wa picha za ufukweni, machozi ya wazazi, chakula na taa. Mpambaji mzoefu hagombani na saa hizo zote kwa mkupuo mmoja. Asubuhi hujenga msingi mwepesi, na jioni, kabla ya kuingia ukumbini, huongeza macho, mashavu na midomo. Anayemaliza kila kitu asubuhi huishia kuongeza poda juu ya poda, na kufika saa 3 usiku uso umeshapasuka pembeni mwa mdomo.

Mji wa Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, miongoni mwa viwango vya juu kabisa nchini, kutokana na hewa yenye unyevu inayosukumwa kutoka Ziwa Victoria. Joto ni la wastani, kwa kuwa ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo mafunzo mengi ya video kutoka Dar es Salaam au Lagos yanapokosea kwa msichana wa Kashai au Kamachumu. Yametungwa kwa watu wanaotoka jasho kutwa, na humtaka apake tabaka baada ya tabaka la vitu vya kukausha ngozi. Bukoba adui mkubwa ni maji ya nje, yaani manyunyu, ukungu wa asubuhi na mvua inayokuja bila hodi wakati msafara umeshatoka. Mwavuli ni kifaa cha mekapu hapa kama ilivyo brashi.

Mwezi wa Novemba una jambo lake. Senene huruka usiku na kuvutwa na taa, na ukumbi wenye taa kali nje huwaita kwa mamia. Wageni hufurahi, wengine huacha meza wakaenda kuwakusanya, lakini aliyepaka midomo mafuta yanayonata na kuacha nywele zenye jeli usoni huwa hana amani. Katika msimu huo, rangi ya midomo inayokauka ina faida ambayo haijaandikwa kwenye pakiti yoyote.

Ngozi na rangi

Kazi huanza kwa uso uliooshwa na kupakwa losheni nyepesi, kisha kuachwa dakika kadhaa ngozi inywe. Kosa linaloonekana sana ni kupaka mafuta mazito ya mgando, yale yanayofaa miguu wakati wa baridi, halafu kuweka fondesheni juu yake papo hapo. Fondesheni hiyo haishiki. Baada ya saa mbili hukusanyika kwenye mikunjo ya pua na chini ya macho.

Kuchagua rangi ndiko kunakopima mpambaji. Rangi hujaribiwa kwenye taya, mahali uso unapokutana na shingo, na huangaliwa mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Balbu ya saluni hudanganya. Watu wawili wenye weusi uleule wanaweza kutofautiana chini ya ngozi, mmoja akielekea njano na mwingine wekundu, na fondesheni ya mmoja ikamfanya mwenzake aonekane mgonjwa. Uso ukitoka wa kijivu, watu husema amepakwa majivu, na mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya viwili: fondesheni iliyo nyeupe kuliko ngozi, au kansila ya rangi nyepesi iliyowekwa moja kwa moja juu ya weusi wa chini ya macho. Weusi huo una ubluu ndani yake. Kwanza huwekwa rangi ya chungwa kidogo sana, au nyekundu ya matofali kwa mwenye ngozi nyeusi tii, ili kuuzima ubluu, ndipo kansila ifuate. Tone dogo la chungwa hufanya kazi ambayo robo chupa ya fondesheni haiwezi.

Fondesheni hugongwagongwa kwa sponji yenye unyevu. Kufuta kwa kuvuta huondoa kilichowekwa chini. Shingo na masikio hupakwa pia, na gauni likiwa la mgongo wazi, mabega hayasahauliwi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, shingo inasema ukweli kuhusu mpambaji kuliko macho. Kope na wanja vinaweza kununuliwa vikiwa tayari, lakini mpaka usioonekana kati ya taya na shingo hutokana na mkono uliofundishwa.

Nyusi hutindwa siku moja au mbili kabla, si asubuhi ya sherehe, kwa sababu ngozi iliyotoka kuguswa na wembe au uzi huvimba na kuwasha. Kope za kubandika hupakwa gundi, zikaachwa nusu dakika hivi mpaka gundi inate, ndipo zinawekwa. Anayezibandika gundi ikiwa bado maji huziona zikiteleza kuelekea kona ya jicho. Maskara iwe ile isiyoyeyuka kwa maji. Hotuba ya baba wa binti kwenye sendofu haina huruma, na kilio kikianza, tishu hukunjwa ikabonyezwa chini ya jicho, bila kufuta.

Midomo huchorwa mpaka kwa kalamu ya kahawia au nyeusi kahawia, kisha rangi hujazwa, hubonyezwa kwa tishu na kurudiwa. Supu na nyama choma vyenye mafuta huiyeyusha rangi yoyote, hata ile iliyouzwa kwa jina la kudumu, kwa hiyo mtu huweka kalamu na rangi yake kwenye pochi. Soda hunywewa kwa mrija.

Kamera na taa

Poda nyingi za kukausha uso zina silika, na baadhi ya krimu za kukinga jua zina titani dioksidi au zinki oksidi. Kwa macho chembe hizo hazionekani, lakini mwanga mkali wa flashi unapotoka karibu na lenzi na kupiga uso ana kwa ana, hurudishwa moja kwa moja kwenye kamera. Picha humtoa mtu na weupe kwenye paji la uso na chini ya macho, kama aliyechungulia gunia la unga, wakati waliokaa naye meza moja hawakuona chochote. Kipimo chake hakina gharama: kabla ya kutoka saluni, zima taa, piga picha ya simu kwa flashi, itazame. Kikionekana kiraka cheupe, poda hupunguzwa kwa brashi safi na uso hupuliziwa spreyi ya kushikisha mekapu.

Flashi pia hula rangi. Mashavu yanayotosha mchana hufifia kwenye picha, na kivuli cha kuchongea taya hupotea, ndiyo maana mekapu ya kamera ikitazamwa karibu huonekana imezidi kidogo. Kwa taa za ukumbi mambo ni mengine. Siku hizi kumbi hupenda taa za bluu na zambarau. Rangi nyekundu ya midomo ikimulikwa kwa bluu tupu haina mwanga mwekundu wa kurudisha, hivyo huonekana nyeusi. Familia iliyochagua mapambo ya bluu na zambarau ni bora impe mpambaji taarifa mapema, naye achague waridi iliyokoza au zambarau ya zabibu.

Lawama nyingine ni ya kamera yenyewe. Kwa miongo mingi Kodak ilipima rangi za picha kwa kadi zenye sura za wanawake weupe, na filamu zilizotokana na kipimo hicho ziliwafifisha watu weusi, hasa waliposimama kando ya gauni jeupe. Albamu za harusi za zamani Afrika Mashariki zimejaa ushahidi wa jambo hilo: shela inaonekana uzi kwa uzi, bibi harusi anaonekana meno. Kamera za dijitali zimepunguza tatizo, na Tecno, simu iliyoenea sana Tanzania, imejitangaza kwa uwezo wa kupiga picha nzuri za ngozi nyeusi. Hata hivyo kichujio cha simu kinachong'arisha uso kinaweza kuharibu kazi ya saa tatu kwa kumfanya mtu awe mweupe asivyo.

Muleba na safari

Mji wa Muleba uko zaidi ya kilomita 60 kusini mwa Bukoba kwenye barabara ya lami iendayo Biharamulo. Mwenye sherehe Muleba, Nshamba au Rubya ana njia mbili: aende kupambwa Bukoba, au amlete mpambaji na sanduku lake. Njia ya pili ni ghali zaidi kwa nauli na malazi, ila ni salama. Lami haifiki kila kijiji, na kwenye barabara za udongo wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia gari likiwa na vioo vilivyopandishwa. Vumbi hilo likikaa juu ya uso wenye mafuta halifutiki. Anayesafiri amepambwa hujifunika kanga nyepesi kuanzia kichwani, bila kuigusisha usoni. Bodaboda haifai, na anayelazimika kuipanda asivue kofia ngumu kwa ajili ya nyusi. Wilaya ya Muleba ina visiwa pia, Bumbire kikiwa kimojawapo, na anayevuka kwa boti hupambwa baada ya kutua.

Umeme nao umo kwenye hesabu. Kwa miaka mingi mji wa Bukoba ulipata umeme kutoka Uganda, na kukatika kwake si jambo geni. Taa ndogo ya kuchaji yenye mwanga mweupe imekuwa sehemu ya sanduku la mpambaji, kwa kuwa tochi ya simu humulika upande mmoja na kuacha nyusi mbili zisizofanana.

Asili

Urembo wa usiku mkoani Kagera una mizizi mirefu kuliko fondesheni. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe kwa Mukama (mfalme) Rumanika mwaka 1861, aliandika kuhusu wanawake wa nyumba ya kifalme walioneneshwa kwa maziwa. Katika falme za eneo hilo siagi ilipakwa mwilini ili ngozi ing'ae. Mng'ao waliousaka wao ndio unaofukuzwa na poda ya leo.

Dola nayo imewahi kuwa na neno juu ya uso wa mwanamke. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi na krimu za kung'arisha ngozi kuanzia Januari 1969. Mashindano ya Miss Tanzania yaliyokuwa yamesimama yalirudi mwaka 1994, na uso uliopambwa ukarejea hadharani. Mwaka huohuo Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Mogadishu, alianzisha vipodozi vyake kwa ajili ya wanawake wa rangi. Fenty Beauty iliyozinduliwa Septemba 2017 ilikuja na rangi 40 za fondesheni. Bukoba, bidhaa huingia kwa njia mbili, kutoka Kariakoo na kutoka Kampala kupitia mpaka wa Mutukula, zikiwemo bandia. Chupa yenye jina kubwa kwa bei ya chini mno ni ya kutiliwa shaka.

Mkorogo na usafi

Mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua, ndio unaowapa wapambaji kazi ngumu kuliko zote. Haidrokwinoni na zebaki haviruhusiwi katika vipodozi nchini. Usimamizi wa vipodozi ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) na mwaka 2019 ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS). Aliyejichubua huwa na uso wa rangi moja, shingo ya nyingine na vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi, na mitaani humtania kwa uso Fanta na miguu Coca-Cola. Picha ya kuvishana pete huvianika vidole hivyo karibu kabisa na lenzi. Mpambaji mwerevu hulinganisha uso na kifua na mikono, akaufanya uso uwe mweusi zaidi, hata mteja akinuna.

Brashi zinazozunguka nyuso kumi kwa siku hubeba maradhi. Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu ulioanzia Dar es Salaam na kuenea mikoa mingine. Kagera yenyewe ilipambana na ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, na ndoo ya maji na sabuni mlangoni haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Bukoba. Wanja na maskara ya mtu mmoja havipaswi kupakwa mwingine. Rangi ya midomo hukwanguliwa kidogo, ikawekwa kwenye kisahani na kupakwa kwa brashi iliyooshwa.

Kabla ya kulala mekapu huondolewa kwa mafuta mepesi yaliyowekwa kwenye pamba, kisha sabuni ya uso na maji. Kope za kubandika hulainishwa kwa pamba hiyohiyo mpaka gundi iachie. Zikivutwa kavu huondoka na kope za mwenyewe, ambazo huchukua wiki kadhaa kuota tena.