Mtoto wa Taifa, Hasara ya Klabu

Wasee, leo tupige historia ya gemu ambayo haina picha kali na haina kelele, lakini kuna watu wameicheza zaidi ya miaka kumi. Inaitwa BuzzerBeater, na ilianza 2007. Ni ya kusimamia klabu ya mpira wa kikapu kwenye intaneti. Mpira wenyewe hugusi. Unapanga kikosi, unalipa mishahara, unachagua mazoezi ya wiki, halafu unangoja. Kama umezoea gemu za simu za dakika tano, utaona hii ni adhabu.

Wazo lilikuwa limeshatembea. Miaka kumi nyuma, 1997, Wasweden walitoa Hattrick, ya soka. Huko mameneja walizoea kitu ambacho mimi nakiona kitamu kuliko gemu yenyewe: timu ya taifa ambayo kocha wake anachaguliwa kwa kura za wachezaji wa gemu wa nchi hiyo. BuzzerBeater nayo ikawa na mtindo huo. Kuna timu kubwa, na kuna ya vijana wasiozidi miaka 21. Hii ya vijana ndiyo yenye story.

Sikia hesabu. Ligi moja ina timu 16. Msimu ukiisha kuna drafti ya vijana 48, watatu kwa kila timu, wengi wakiwa na miaka 18 au 19. Msimu ni wiki 14, na kila msimu mchezaji anaongeza mwaka mmoja. Kwa hivyo aliyeingia na 18 ana misimu minne, wiki 56, kabla umri haujamtoa. Mazoezi huja mara moja kwa wiki. Ukipoteza wiki tatu juu hukupanga kikosi, hizo zimeenda.

Halafu kila kijana ana kikomo chake. Wengi hata uwafunze vipi hawafiki mbali. Nchi yenye mameneja wengi kama Italia au Uhispania inaokota vipaji kila msimu. Nchi yenye ligi chache inaweza kupata mmoja tu wa maana, na huyo mmoja akiangukia meneja aliyeacha kuingia kwenye akaunti, basi, kizazi kizima kimeenda hivyo.

Ndiyo maana skauti wa taifa wakatokea. Ni watu wa kujitolea. Wanapekua vijana wapya, wanaandika majedwali ya nani amefika wapi, na wanawatumia wenye wachezaji ujumbe: bana, huyu mtoto ni wa taifa, tafadhali mfunze hivi na hivi, na ukimuuza muuzie mtu atakayemfunza.

Sasa bei yake. Katika gemu hii mchezaji anafunzwa kulingana na nafasi aliyocheza, na ili apate zoezi kamili anahitaji dakika 48 hapo wiki hiyo. Mrefu hujifunza haraka mambo ya chini ya kikapu, na polepole sana kuchezea mpira na kulinda nje. Lakini kocha wa taifa anataka senta anayeweza yote. Kwa hivyo mwenye klabu anachukua jitu la futi saba na kuliweka pointi gadi. Wiki baada ya wiki. Linapokonywa mpira, klabu inapigwa, na mashabiki wananuna. Na kijana akiiva, mshahara unapanda. Wakati mwingine anayebeba huo mzigo ni mtu wa nchi nyingine kabisa, anakuza mtoto wa bendera isiyo yake.

Mimi niliachana na chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo swali la "hiyo inakulipa nini" nimelisikia mpaka kwa shangazi. Na bado nawaheshimu hawa kuliko makocha waliochaguliwa. Kocha akishinda anapongezwa na nchi nzima. Mwenye klabu anashuka daraja kimya kimya.

Hata nje ya gemu ni hivyo. Jina BuzzerBeater ni ule mtupo unaoingia king'ora kikilia, na sisi Wakenya tunao wetu: Februari 2021, Yaoundé, Tylor Ongwae, Kenya 74, Angola 73. Morans wakarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Wote tuliposti hiyo klipu. Sasa bila kugoogle, niambie nani alimpa Ongwae dakika akiwa bado mtoto asiyejulikana.

Kwenye gemu, siku kijana anafikisha 22 anatoka kwenye timu ya vijana, hata kama jana alikuwa nyota. Labda timu kubwa itamwita, labda la. Mwenye klabu anabaki na mshahara mnono, anamweka sokoni, na drafti mpya inamletea watatu wengine. Mmoja ana miaka 18, mrefu, kikomo chake kiko juu. Ujumbe wa skauti ushaingia.