Zimamoto katika Miji Midogo ya Tanzania

Zimamoto ya mji mdogo ni kituo cha askari wa kuzima moto na kuokoa watu na mali katika mji ambao kwa kawaida una gari moja au mawili ya kazi hiyo, mtandao finyu wa mabomba ya maji, na vijiji vingi vya jirani vinavyoutegemea. Tanzania Bara huduma hii hutolewa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wakati Zanzibar ina kikosi chake chenyewe. Kwa kuwa kituo kidogo hakina akiba ya watu wala ya magari, matokeo ya kila tukio hutegemea kwa kiasi kikubwa mambo yaliyoandaliwa kabla ya king'ora kulia: maji yanapatikana wapi, njia ipi inapitika, na majengo gani yamekwisha kukaguliwa.

Muundo na sheria

Kwa miaka mingi magari ya kuzima moto yalikuwa mali ya halmashauri za miji na manispaa, hivyo mji wenye mapato duni ulikuwa na zimamoto duni, na miji mingi haikuwa nayo kabisa. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Na. 14 ya mwaka 2007 iliunda chombo kimoja cha taifa, kinachoongozwa na Kamishna Jenerali, chenye makamanda wa mikoa na vyeo vya kijeshi kuanzia konstebo, koplo na sajini hadi wakaguzi, warakibu na makamishna. Kenya ilichukua njia iliyo kinyume, kwani Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi uzimaji moto kwa serikali za kaunti.

Kituo kinavyofanya kazi

Askari hufanya kazi kwa zamu, na zamu inayoingia hupokea kituo kwa kukagua gari kabla ya jambo lingine lolote: mafuta, betri, kiasi cha maji katika tangi, pampu, mipira ya maji na viungio vyake, ngazi, na mitungi ya hewa ya mgongoni ambayo humwezesha askari kupumua ndani ya moshi. Ukaguzi huu unaonekana mdogo machoni pa mpita njia, lakini kiungio kimoja kilichopinda kinaweza kulifanya gari zima lisiwe na faida. Muda unaobaki hutumika kwa mazoezi, kwa elimu katika shule na masoko, na kwa kukagua majengo.

Simu inapoingia, mpokeaji huuliza mahali, kinachowaka na kama kuna watu ndani, kisha gari hutoka. Dereva ndiye mwendesha pampu pia, kiongozi wa zamu huzunguka jengo kulitazama pande zote kabla ya kugawa kazi, na askari wengine hushika mipira wakiwa wawili wawili, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuudhibiti kwa usalama mpira wenye shinikizo kubwa wala hapaswi kuingia peke yake ndani ya moshi. Umeme hukatwa kwanza, na hapo ushirikiano na shirika la umeme huwa wa lazima.

Haraka ya kufika kwenye tukio ina sababu ya kisayansi. Moto huhitaji vitu vitatu, yaani joto, oksijeni na kitu cha kuungua, na kuondoa kimoja tu kunatosha kuuzima. Ndani ya chumba kilichofungwa, hata hivyo, moshi wa moto hujikusanya chini ya dari, na joto lake linapofikia takribani nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kila kilichomo chumbani hushika moto karibu kwa wakati mmoja. Katika nyumba yenye magodoro ya sponji na samani za plastiki hali hiyo inaweza kufikiwa ndani ya dakika chache tangu moto uanze, na baada yake aliyebaki ndani hana matumaini ya kupona. Viwango vya Marekani kwa miji yenye askari wa kuajiriwa humpa askari sekunde 80 za kuvaa na kupanda gari, na gari la kwanza dakika 4 za safari, kipimo ambacho kituo kimoja kinachohudumia wilaya nzima hakiwezi kukifikia nje ya mitaa iliyo karibu nacho.

Suala la maji

Lawama inayosikika mara nyingi baada ya moto nchini ni kwamba gari lilifika bila maji. Mara nyingi ukweli ni tofauti kidogo: gari lilifika na maji, yakaisha, likaondoka kwenda kujaza huku wananchi wakilitazama kwa uchungu. Hesabu yenyewe ni rahisi. Gari lenye tangi la lita 5,000 linalotumia mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika hubaki tupu baada ya dakika 10, na likitumia mipira miwili hubaki tupu baada ya dakika 5, muda ambao unatosha kwa moto wa chumba kimoja lakini hautoshi kwa moto wa soko.

Njia iliyozoeleka ya kuziba pengo hilo ni boza, yaani lori la tangi linalobeba maji kutoka chanzo hadi kwenye tukio. Boza la lita 10,000 linalohitaji dakika 20 kujaza, kufika, kumimina na kurudi huleta wastani wa lita 500 kwa dakika, kiasi kinacholisha mpira mmoja tu bila kukatika. Kwa sababu hiyo kamanda wa mji mdogo anayepanga vizuri hutafuta kufupisha mzunguko wa maji kwanza, kabla ya kuomba magari zaidi.

Chanzo bora ni haidranti, yaani koki kubwa ya zimamoto iliyounganishwa na bomba kuu la mamlaka ya maji. Miji iliyokua bila mipango ina haidranti chache, na baadhi ya zilizokuwapo zimefukiwa na ujenzi wa barabara, zimezungukwa na vibanda, au zimeunganishwa na mabomba membamba yasiyo na shinikizo. Kuzitafuta, kuzipima, kuzipaka rangi na kuzichora katika ramani ya kituo ni kazi ya gharama ndogo na yenye faida kubwa kuliko karibu kazi nyingine yoyote ya maandalizi.

Palipo na ziwa, mto au bahari, pampu inaweza kuvuta maji yenyewe, ingawa kimatendo haiwezi kuyainua zaidi ya mita 7 au zaidi kidogo kutoka usawa wa maji hadi ilipo pampu. Maji ya bahari huzima moto sawasawa na maji baridi, ila pampu lazima isuuzwe mara moja kwa maji yasiyo na chumvi ili isiliwe na kutu. Katika miji ya kale ya pwani, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu nchini Kenya, tatizo ni vichochoro ambavyo gari haliwezi kuvipita, hivyo huko pampu za kubebwa kwa mikono na mipira mirefu ndiyo tegemeo.

Kupanga kabla ya tukio

Kila jengo lenye hatari kubwa linastahili kuwa na mpango wake wa awali, yaani karatasi inayoonyesha milango, swichi kuu ya umeme, mitungi ya gesi, mahali watu wanapolala na chanzo cha maji kilicho karibu. Mabweni ya shule yanatangulia katika orodha hiyo. Mwaka 1994 wasichana wapatao 40 walifariki kwa moto katika bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2001 wavulana 67 walifariki katika shule ya Kyanguli nchini Kenya. Na Septemba 2020 wanafunzi 10 walifariki katika shule ya msingi wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Bweni lenye nondo madirishani na mlango uliofungwa kwa kufuli usiku haliwezi kuokolewa na gari lolote, hata likifika upesi, na mkaguzi anayeliacha liendelee kutumika ameshindwa kazi yake.

Hatari nyingine zinabadilika. Mji mdogo ulio kando ya barabara kuu hupitiwa na malori ya mafuta, na ajali ya Msamvu mjini Morogoro ya tarehe 10 Agosti 2019, iliyoua zaidi ya watu 100 wengi wao wakiwa wamelisogelea lori lililopinduka ili kuchota petroli, ilionyesha kwamba kuwazuia watu wasikaribie ni kazi ya kwanza kuliko kumwaga povu. Aidha, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo ifikapo 2034, na mitungi ya gesi itazidi kuenea majumbani. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni inapovuja, na inadai elimu ambayo vituo vinapaswa kuianza mapema.

Uokoaji

Kazi ya kituo haiishii kwenye moto, na katika uokoaji pia wananchi walio karibu wanaweza kutangulia kufika. Ndege ya Precision Air iliyoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa na watu 43, na 24 kati yao walinusurika. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi.

Hali ya sasa

Vituo vimeongezeka mikoani, lakini wilaya nyingi bado husubiri gari kutoka mji wa jirani. Namba ya dharura ya Jeshi ni 114. Anayepiga ataje kwanza mahali alipo kwa jina la mtaa na alama inayojulikana, aeleze kinachowaka na kama kuna watu ndani, kisha asikate simu hadi aambiwe.