Jumbe Alipopanda Mlimani: Maneno ya Utawala na Mgawanyo wa Nchi ya Uluguru



1. Utangulizi

Naomba nianze na vyeo viwili ambavyo kila mwanafunzi wa historia ya Tanganyika amepata kuvikariri: akida na jumbe. Tumefundishwa kwamba Wajerumani waliigawa nchi katika wilaya, kila wilaya wakaipa maakida kadhaa, na chini ya kila akida wakaweka majumbe wa vijiji. Maelezo haya ni sahihi kwa utawala wa Kijerumani. Hata hivyo, mzee wa Bagamoyo au Pangani wa mwaka 1850, lau angeambiwa kwamba akida humwamuru jumbe, angedhani anafanyiwa mzaha. Katika miji ya Mrima jumbe ndiye aliyekuwa mtawala, mwenye ngoma yake, ada zake na heshima zake. Akida alikuwa chini yake, kiongozi wa vijana na wapiganaji. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotokana kwa sehemu kubwa na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na kutolewa na Carl Velten mwaka 1903, kinawazungumzia majumbe wa pwani kama wakuu wa miji na wala si kama watumishi wa akida.

Vyeo hivi, basi, vilipinduliwa. Wa chini akapandishwa, wa juu akashushwa, na majina yote mawili yakabaki yale yale. Mhadhara huu unauliza nini kilitokea maneno hayo yalipotoka pwani, yakavuka mbuga za Ngerengere na kupandishwa katika milima ya Uluguru. Hoja yangu ni kwamba watawala wa kigeni waliigawa nchi hii kwa msamiati kabla ya kuigawa kwa ramani, na msamiati wenyewe ulikuwa wa Kiswahili. Kwa hiyo sisi tunaojishughulisha na lugha hii tuna sehemu yetu katika historia hiyo, wala hatuwezi kuwaachia wanahistoria peke yao.

2. Nchi iliyoshikwa na nasaba

Milima ya Uluguru inainuka ghafla kusini mwa mji wa Morogoro, na vilele vyake vya juu vinapita meta 2,600 kutoka usawa wa bahari. Humo ndimo zinamoanzia Mgeta, Mvuha, Ngerengere na mito mingine inayolisha Ruvu. Waluguru hufuata nasaba ya upande wa mama. Ukoo mkubwa, kwa Kiluguru lukolo, umetawanyika katika milima yote na hauna eneo moja linaloweza kuzungushiwa mstari. Ardhi ilishikwa na tawi la ukoo, na tawi hilo huitwa tombo, neno lenye maana ya titi la mama. Anayejua jina la Matombo, upande wa mashariki wa milima, amekwisha kulisikia neno hilo.

Kila tombo lilikuwa na mkuu wake. Mkuu huyo hakurithi cheo tu. Alirithi jina la mtangulizi wake pamoja na vitu vya heshima vya jina hilo. Kingalu, kwa mfano, ni jina linalovaliwa na mtu baada ya mtu, kiasi kwamba anayelivaa leo huweza kuyasimulia mambo ya Kingalu wa kale kana kwamba ni yake mwenyewe. Mtu asiye wa tombo aliweza kulima katika ardhi yake kwa kutoa ngoto, sehemu ndogo ya mavuno iliyokuwa ishara ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Mume aliyehamia kwa mkewe alilima ardhi ya watu wa mkewe, na watoto wake walikuwa wa ukoo wa mama yao.

Katika mpango huo, swali la nani anatawala eneo hili halikuwa na jibu moja. Palikuwa na mkuu wa ardhi, palikuwa na wakubwa wa koo, na palikuwa na mwenye mvua. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa kwa mvua hata na watu ambao juu ya ardhi yao hakuwa na neno. Heshima yake ilifika mbali bila ya kuwa na mpaka.

Chini ya mlima hali ilikuwa tofauti. Katika karne ya 19 Kisabengo alijenga mji wenye kuta, Simbamwene, mahali ambapo baadaye pakawa Morogoro. Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta ukitawaliwa na binti wa mwasisi huyo. Mgeni kutoka Ulaya aliweza kuutambua utawala wa namna hiyo mara moja, kwa kuwa aliona kuta, lango na mwenye mji. Alipoinua macho kuelekea mlimani hakuona kuta wala lango, akahitimisha kwamba huko hakuna utawala.

3. Boma, kodi na jumbe

Serikali ya Kijerumani ilihitaji mtu wa kumwajibisha katika kila eneo, hasa baada ya kodi ya nyumba kuanza mwaka 1898. Kodi hukusanywa kwa hesabu ya nyumba, na nyumba huhesabiwa mahali zilipo. Nasaba iliyosambaa juu ya matuta kumi haikuweza kuandikwa katika daftari la Boma. Ndipo akapatikana jumbe wa eneo, na juu yake akida, ambaye mara nyingi alikuwa mtu wa pwani au mtu aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, Boma likawa karibu zaidi na pwani kuliko lilivyokuwa karibu na vijiji vya mlimani. Wakati huo wa Wajerumani ndipo pia ulipochorwa mpaka wa hifadhi ya msitu kuzunguka vilele, mstari ambao haukufuata tombo lolote.

Inafaa tuitazame historia ya maneno yenyewe. Boma lilikuwa ua au ngome, likawa ofisi ya serikali. Baraza lilikuwa kikalio cha mbele ya nyumba, wanapoketi watu na kuzungumza, likawa mkutano unaoitishwa na mkubwa ili amri zisikike. Shauri lilikuwa jambo la kujadiliana, likawa kesi. Katika kila neno tunaona mwendo wa aina moja: maana ya watu waliokaa pamoja inapungua, na maana ya amri itokayo juu inaongezeka. Jumbe naye alifuata njia hiyo hiyo. Cheo chake sasa kilitolewa na Boma na kuondolewa na Boma. Vita vya Majimaji vilipozuka katika vilima vya Matumbi mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kushambuliwa, na si vigumu kuona sababu.

4. Mfano wa Mongolia

Jambo hili halikuwa la Afrika Mashariki peke yake. Katika karne ya 17 watawala wa Kimanchu, walioanzisha nasaba ya Qing nchini China, walikabiliwa na Wamongolia, wafugaji waliohamahama na kumfuata kiongozi zaidi kuliko kuufuata mpaka. Wamanchu waliwagawa katika vikosi vilivyoitwa khoshuu, neno ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa bendera. Asili ya mpango huo ilikuwa ya kijeshi. Polepole kila bendera ikapewa malisho yake, mipaka yake na mtawala wake wa kurithi, na mfugaji akakatazwa kuivuka bila ya ruhusa. Bendera kadhaa ziliunganishwa kuwa shirikisho moja, na mambo yote yakasimamiwa na idara maalumu mjini Beijing. Wakuu wa Kimongolia hawakuondolewa. Walithibitishwa, wakapewa vyeo na marupurupu, na kwa njia hiyo kila mmoja akafungwa ndani ya eneo lake, asiweze tena kuwaunganisha watu wa nje ya mpaka wake.

Mfanano unaotuhusu ni huu. Khoshuu, kama akida, lilikuwa neno la watu walio tayari kwa vita, likageuzwa kuwa neno la utawala wa mahali. Mpaka leo Mongolia ya Ndani ina maeneo ya utawala yanayoitwa bendera, ingawa nasaba ya Qing iliondoka madarakani mwaka 1912. Tofauti nayo ni ya kuzingatiwa. Wamongolia waligawanywa kwa neno la lugha yao wenyewe. Waluguru waligawanywa kwa maneno ya jirani yao wa pwani, yakiwa yamekwisha kupinduliwa njiani.

5. Sultani wa mlimani

Majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Kwa miaka ya mwanzo maakida waliendelea kutumika. Gavana Donald Cameron, aliyekuja kutoka Nigeria mwaka 1925, aliukataa mpango huo kwa sababu aliuona kuwa wa kigeni, na sheria ya mwaka 1926 ikaweka Utawala wa Wenyeji. Maofisa wakatumwa kuwatafuta watawala wa asili. Huko Uluguru walimkuta Kingalu, wakaona kwamba jina lake linaheshimiwa sana, wakamfanya sultani.

Tulitafakari neno hilo. Mwenye mvua wa Kinole akapewa cheo cha mwenye kiti cha Unguja. Heshima ambayo haikuwa na mpaka ikawekewa mpaka, na jina la nasaba likawa kazi yenye mshahara kutoka hazina ya wenyeji. Serikali iliamini kwamba inarudisha mambo ya asili, kumbe ilikuwa ikiunda cheo kipya na kukivika vazi la zamani. Juu ya karatasi sultani alikuwa na mamlaka juu ya nchi nzima. Katika mashamba, ardhi iliendelea kuwa ya tombo, na ngoto iliendelea kutolewa kwa mkuu wa tombo. Kwa karibu robo karne tofauti hiyo haikuleta msiba, kwa kuwa sultani hakutakiwa kugusa udongo.

6. Matuta ya mwaka 1955

Mwaka 1950 serikali ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Hofu ya wataalamu juu ya mmomonyoko wa udongo haikuwa ya kubuni, kwani maji ya Ruvu yalitegemewa hadi pwani. Dawa yao ilikuwa matuta ya ngazi, ambayo kila mlipakodi alitakiwa ayachimbe kwa nguvu zake, pamoja na masharti juu ya uchomaji wa mashamba. Amri ilipitia kwa sultani na wasaidizi wake. Upande wa Mgeta, kwenye kilimo cha mboga, matuta yalifaa na yanaonekana hata leo. Upande wa Matombo, katika miteremko mikali, kuchimba kulileta juu udongo usio na rutuba, na jasho la watu likazaa mavuno haba.

Lakini tusidhani kwamba udongo peke yake ulikuwa sababu. Katika nchi ambayo kulima ardhi ya mwingine ni kwa idhini ya tombo, mtu anayeamuru ardhi isiyo yake ichimbwe anaonekana anadai kuwa mwenye ardhi. Amri ya kilimo ilisikika kama tangazo la kunyang'anywa. Neno sultani, lililokaa kimya tangu miaka ya 1920, sasa lilidai maana yake kamili, na watu wakalikataa. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango wa matuta ukaachwa mwaka huo huo. Tukumbuke pia kwamba Patrick Kunambi, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, alikuwa mwenye cheo katika Utawala wa Wenyeji wa Uluguru. Hivyo mtu mmoja aliweza kusimama upande wa cheo kilichokataliwa na upande wa chama kilichokuwa kikikua kutokana na kukataliwa huko.

7. Hitimisho

Mwaka 1963 sheria ilifuta mamlaka ya machifu katika Tanganyika. Jumbe, akida na sultani wakahamia katika vitabu vya historia. Lakini mgawanyo haukukoma. Leo tuna wilaya, neno lenye shina moja na liwali. Tuna tarafa, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni upande au ukingo. Na tuna kata, ambalo sikio la Mswahili husikia ndani yake kitenzi kukata. Mwanzoni mwa karne hii Mvomero ilimegwa kutoka Morogoro Vijijini, na Mgeta ikawa wilaya moja huku Kinole na Matombo zikibaki katika nyingine. Jina la Kingalu nalo limewekwa juu ya soko kuu la mji ulioanzishwa na Kisabengo.

Sisemi kwamba Kiswahili ni lugha ya dhuluma. Lugha hii hii ndiyo iliyotumika kuipinga dhuluma katika mikutano ya miaka ya 1950. Ninachosema ni kwamba kamusi zetu zinatupa maana ya jumbe bila ya kutuambia ni nani aliyempindua. Tunahitaji kamusi ya kihistoria ya maneno ya utawala, itakayoonyesha kila neno lilitoka wapi, lilibebwa na nani na lilimwangukia nani.

Nawageukia wanafunzi. Kesho mmoja wenu atapanda Kinole akiwa na dodoso lenye swali: "Nani mmiliki wa shamba hili?" Mama atakayeulizwa atataja jina la mumewe, au la mjomba wake, au jina la mkuu aliyekufa zamani ambalo bado lina mtu. Msiharakishe kuandika kwamba hakulielewa swali. Mwulizeni kwanza ni tombo gani, nanyi andikeni neno hilo kama alivyolitamka, bila ya kulifasiri kuwa ukoo. Wapo waliowahi kulifasiri kwa haraka, na hasara yake ililipwa Matombo mwaka 1955.