Ikama Ipo, Nguvukazi ya Nini?

Nimekutana tena na kijitabu cha mafunzo ya waajiri kinachohubiri "upangaji wa nguvukazi" kila ukurasa. Kilichokitangulia kilishikilia "upangaji wa rasilimali watu". Waliokaa vikao kuyaunda majina haya walijipa kazi ambayo Kiswahili kilikwisha kuimaliza. Jina lipo, na mwalimu, mganga wa zahanati na mtendaji wa kata, kuanzia Mtua wilayani Nachingwea hadi Ruangwa mjini, wanalitumia: ikama.

Nguvukazi huhesabu misuli. Rasilimali, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kichwa cha mali, yaani mtaji. Ukiibandika kwa watu umewaandika daftari moja na magunia ya korosho. Ikama imetoka kwenye shina la kusimama na kusimamisha. Shina hilo limetuzalia kaimu, anayesimama penye nafasi ya mwingine. Makamu, ambayo asili yake ni mahali pa kusimama. Kiyama, siku ya wafu kusimama. Na kima, thamani ya kitu. Msikitini adhana huwaita watu popote walipo, kisha husomwa ikama, nao husimama safu, bega kwa bega, pasibaki pengo. Mwajiri naye anatafuta nini zaidi ya hicho? Watu wangapi, wa ujuzi gani, wasimame wapi na lini. Na tazama undugu ambao wanakamati hawakuuona: ikama anayoihitaji mwenye kiwanda na kima cha chini cha mshahara anachokidai mfanyakazi vimetoka shina moja.

Hoja niliyojibiwa nilipoitetea ikama, kwa maandishi na kwa ukali nisioustahili, ni kwamba ikama ni idadi tu na haina mipango ndani yake. Kila mwaka halmashauri huandaa ikama na bajeti ya mishahara ya mwaka wa fedha ujao, ikaipeleka Ofisi ya Rais (Utumishi) kuidhinishwa. Kuhesabu watu wa mwaka ambao haujafika, kama si kupanga, ni nini?

Nachingwea ndiyo wilaya ya mwisho kuhitaji kufundishwa umuhimu wa kupanga ikama. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, wakipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika Mashariki na Kati, zikiwemo za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta, mengi yakiwa yametumika kwingine, yalifika Kongwa kabla ya mafundi na madereva waliofunzwa vya kutosha, yakaharibika moja baada ya jingine. Udongo na mvua vilikuwa na sehemu yao, lakini trekta lisilo na fundi halilimi udongo wowote. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa miaka ya 1960. Huo ni mradi uliokuwa na nguvu na mtaji, ukakosa ikama.

Leo Ruangwa ina kinywe ardhini, na wilaya zote mbili zina msimu wa korosho, ambapo ghala huhitaji wapakiaji wengi kwa miezi michache. Anayepanga ikama mapema huwapata watu kabla foleni ya magunia haijafika barabarani, na kibarua hujua ataanza lini na atamaliza lini, akapanga shamba lake mwenyewe. Ikama ikipungua, anayebaki hubeba kazi za wawili: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na hizo ndizo huliwa kwanza.

Matumizi, basi: kazi ni kupanga ikama, hati ni mpango wa ikama, anayeishughulikia ni mpanga ikama, penye pengo sema ikama pungufu, na ya ghalani ni ikama ya msimu. Kijitabu kijacho kikichapishwa bila maneno haya, nitaandika tena.