Ukumbi wa Kaloleni: Jengo la Eastlands lililosikia dai la uhuru

Ukumbi wa kijamii wa Kaloleni umo katikati ya mtaa wa jina hilo, karibu na Barabara ya Jogoo, Nairobi. Mtaa huo ulijengwa na baraza la manispaa katika miaka ya 1940. Miongoni mwa waliotumikishwa katika ujenzi walikuwemo wafungwa wa vita Waitaliano, waliotekwa baada ya Uingereza kuivunja himaya yao ya Afrika Mashariki mwaka 1941. Wenzao ndio waliojenga kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa.

Ramani ya Kaloleni haifanani na ile ya mitaa mingi ya Eastlands, ambako nyumba zimepangwa safu kwa safu kama behewa za garimoshi. Hapa njia huelekea katikati, palipo ukumbi, nazo nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae vyekundu huzunguka viwanja vya nyasi. Mpango huu ulitokana na fikra za Mwingereza Ebenezer Howard, aliyependekeza miji ya bustani katika kitabu chake cha mwaka 1898. Ila wazo la mji unaochanua kutoka kitovuni ni la kale zaidi: Venice ilianza kuujenga mji wa Palmanova, wenye umbo la nyota, mwaka 1593, mwaka ule ule Wareno walipoanza Fort Jesus, Mombasa, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati.

Uzuri huo ulikuwa na mipaka yake. Kaloleni ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo kukusudiwa Waafrika wenye familia, wakati ambapo wafanyakazi wengi walihesabiwa kuwa wapita njia mjini. Hata hivyo, mpangaji alibaki mpangaji: nyumba ilikuwa mali ya manispaa, na upande wa magharibi wa jiji haukuwa wake.

Kwa hiyo ukumbi uliokusudiwa burudani ukageuka bunge la wananchi. Aprili 23, 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki, Makhan Singh alitoa pendekezo la kudai uhuru kamili wa nchi hizi. Mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai walikamatwa, na Nairobi ikatikiswa na mgomo uliodumu zaidi ya wiki moja. Singh alizuiliwa hadi Oktoba 1961.

Leo vigae vimechakaa, na mabanda ya mabati yamejaza nafasi kati ya nyumba. Mipango ya kuujenga upya upande huu wa jiji imekuwa ikizungumzwa kwa miaka mingi, na kule Pangani nyumba kuukuu za jiji tayari zimebomolewa kupisha majengo ya ghorofa. Wakazi wa Kaloleni wanahitaji makao bora, hilo halina ubishi. Lakini ghorofa zaweza kusimama popote Eastlands. Ukumbi alimosimama Singh ni mmoja tu.